Somo la Historia: Anayemsemea Mnyama

Mwanafunzi mpenzi, sikiliza, na daftari lako liwe mbele yako. Punda akipakiwa mzigo uliomzidi, hawezi kwenda barazani kushtaki. Basi nani atamsemea?

Mwaka 1822 mbunge wa Uingereza, Richard Martin, aliliomba Bunge lipige marufuku kuwatesa punda, farasi, ng'ombe na kondoo. Sheria ikapita. Lakini sheria haina miguu ya kwenda sokoni. Kwa hiyo mwaka 1824 yeye na wenzake waliunda chama mjini London, wakaajiri watu wa kukagua masoko na kuwapeleka wakatili mahakamani. Hivyo kuwatetea wanyama kukawa kazi ya mshahara.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ilitungwa mwaka 2008. Hatari nyingine ikaja: punda wa Afrika walichinjwa kwa wingi, ngozi zao zikapelekwa China kutengenezewa dawa. Punda akipotea, mzigo wa maji unarudi kichwani mwa mama. Watetezi wakakusanya habari, wakaziandika, wakaziendea serikali. Februari 2024, mjini Addis Ababa, viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kukomesha biashara hiyo kwa miaka 15.

Nawe uliyeko Mbaha, kando ya Ziwa Nyasa, sasa unajua kuandika. Ukiona mnyama anateswa, andika siku, mahali na jambo uliloliona, umpelekee afisa mifugo. Kazi yao huanza hivyo.

Swali: Kwa nini sheria ya 1822 haikutosha peke yake?

Kwaheri mpaka somo lijalo.