Nipe Mji: Kitendawili cha Kwetu na Ugomvi wa Wachezaji wa Michezo ya Kompyuta

Utangulizi

Ndugu msomaji, huenda ukashangaa kuona jarida la uhakiki wa fasihi likizungumzia michezo ya kompyuta. Hata mimi nilisita. Lakini iko aina moja ya michezo hiyo ambayo sisi wanafunzi wa fasihi hatuwezi kuipita kimya kimya. Ni ile ambayo mchezaji hapigi risasi wala hakimbizi mpira, bali anaingia ndani ya kisa, anakuwa mhusika, na kisa hakisogei mpaka afumbue fumbo. Katika makala hii nitaiita michezo ya kisa na fumbo.

Mashabiki wa michezo hii wana ugomvi wao wa miaka mingi. Je, michezo ambayo mafumbo yake yamerahisishwa, au yameondolewa karibu yote ili kisa kitiririke, bado inamkidhi mchezaji aliyezoea kuumiza kichwa? Mimi ni mtu wa Pemba, na naona kuwa fasihi simulizi ya kwetu inacho kipimo cha kuupimia ugomvi huo. Kipimo chenyewe ni maneno mawili tuliyokuwa tukiyasema utotoni: "Nipe mji."

Jamvi moja, michezo miwili

Kwetu usiku wa hadithi ulikuwa na sehemu mbili. Kwanza vitendawili. Bibi akisema "Kitendawili!", sisi tunaitika "Tega!" Naye anatega: nyumba yangu haina mlango. Anayejua anajibu kuwa ni yai, na zamu inaendelea. Tukishindwa sote, bibi anadai, "Haya, nipeni mji." Hapo ndipo penye utamu. Tunampa Konde, anaikataa. Tunampa Kengeja, anacheka tu. Tunampa Wete, anaridhika. Basi husimulia kuwa amekwenda Wete, amekula, amelala, watu wa Wete wamemwambia tusalimiwe, ndipo atoe jibu. Baadaye hufuata "Paukwa!" na "Pakawa!", ngano ikaanza. Katika ngano hatuulizwi jibu la kitu; kazi yetu ni kuitikia na kuimba kiitikio.

Hapa pana mambo matatu ya kuyashika. Kwanza, kitendawili humfungia msikilizaji mlango. Pili, mlango huo haufungwi milele, kwani asiyejua hulipa mji na mchezo ukaendelea. Tatu, ngano haifungi mlango, lakini hadhira yake haikai bure. Sijapata kumsikia mtoto akinung'unika kwamba ngano si ngumu kama kitendawili. Kila utanzu una kazi yake iliyomwachia hadhira.

Historia fupi ya mlango uliofungwa

Mchezo unaohesabiwa kuwa mama wa michezo hii ni Adventure, ulioandikwa na Will Crowther katikati ya miaka ya 1970 na kupanuliwa na Don Woods mwaka 1977. Haukuwa na picha. Kompyuta inakueleza kwa maneno kuwa uko mahali fulani, nawe unaiandikia amri fupi za Kiingereza. Ukifuata Zork, uliotungwa na wanafunzi na watafiti wa chuo cha MIT, na ukauzwa na kampuni ya Infocom kuanzia mwaka 1980. Mafumbo yalikuwa magumu kiasi kwamba Infocom yenyewe iliuza vitabu vya vidokezo vilivyochapwa kwa wino usioonekana, mpaka mchezaji apitishe kalamu maalumu juu ya mstari aliouhitaji. Alinunua jibu, tena kwa fedha taslimu. Huo nao ni mji.

Mwaka 1985 Infocom ilitoa Wishbringer, kazi ya Brian Moriarty iliyowalenga wanaoanza. Ndani yake mna jiwe la kuombea haja. Mafumbo mengi unaweza kuyatatua kwa akili yako au kwa jiwe, lakini ukitumia jiwe unapoteza alama. Kwa maoni yangu, hapa ndipo mtunzi wa michezo alipofika kwenye jamvi la bibi bila ya kujua: aliyeshindwa hafukuzwi, ila hapiti bure.

Si wote waliofuata njia hiyo. Kampuni ya Sierra, iliyoleta King's Quest mwaka 1984, ilikuwa na tabia ya kumfungia mchezaji mlango bila ya kumwambia. Katika King's Quest V ya mwaka 1990 kuna andazi ambalo mhusika akilila kwa njaa, mbele ya safari atakutana na dude la theluji na hatakuwa na cha kulirushia. Mchezo umekwisha, naye hajui kosa lilikuwa wapi. Hiki si kitendawili jamani, huu ni uonevu. Ron Gilbert, mtunzi wa The Secret of Monkey Island (1990), alikwisha kuandika makala mwaka 1989 kuishambulia tabia hiyo.

Mwaka huohuo wa 1990 Moriarty alitoa Loom, ambamo mhusika hafi wala hakwami daima, na vitendo vinafanywa kwa sauti chache za muziki. Wengine waliupenda, wengine walilalamika kuwa ni mfupi na mwepesi. Kwa hiyo wale wanaodhani kuwa ugomvi huu umeletwa na vijana wa simu, wanakosea. Mwaka 1991 Monkey Island 2 ilijaribu kuwaridhisha wote: ukianza, unachagua mchezo kamili au ule uliopunguzwa mafumbo.

Ugomvi wenyewe

Mwezi Februari 2012 kampuni ya Double Fine ya Tim Schafer iliwaomba mashabiki dola 400,000 ili itengeneze mchezo wa namna ya zamani. Wakatoa zaidi ya dola milioni 3.3, watu zaidi ya 87,000. Mchezo ukaitwa Broken Age. Sehemu ya kwanza ilipotoka mwaka 2014, wengi wakasema ni nzuri ila ni rahisi mno. Sehemu ya pili ya mwaka 2015 ikatiwa mafumbo magumu zaidi, na wengine wakasema sasa yamezidi, kisa kimesimama. Utamridhisha nani?

Mwaka uleule wa 2012 kampuni ya Telltale ilitoa The Walking Dead kwa sehemu tano. Mafumbo yalibaki machache na mepesi. Mahali pake pakawekwa uamuzi: nani umwokoe, nani umdanganye, na muda wa kujibu ni mfupi. Ulisifiwa sana na ukapata tuzo nyingi. Mashabiki wa zamani wakauliza kama huo ni mchezo au ni filamu ya kubofyabofya.

Mimi niliucheza likizo moja, kwetu, kwenye simu ya kuazima, pamoja na wadogo zangu wawili. Mimi nasoma Kiingereza na kufasiri, wao wanaamua. Mara nyingi muda uliisha nikiwa bado nafasiri, na mchezo ukakichukua kimya chetu kuwa ndilo jibu. Kumbe ule ugumu uliosemwa kuwa umeondolewa ulikuwa umehamia kwenye lugha, na sisi ndio tuliokutana nao. Mwisho wa sehemu ya kwanza unaweza kumwokoa mmoja tu, Doug au Carley. Mdogo wangu wa kike akapiga kelele Doug, wa kiume Carley. Nikamwokoa Carley. Yule binti hakusema nami mpaka chakula cha usiku. Tulipofika sehemu ya tatu, Carley naye akauawa. Baadaye tukajua kuwa hata ungemwokoa Doug, naye angeuawa palepale. Binti akaniuliza, "Kaka, sasa mwenzake tulimwacha wa nini?"

Swali hilo ni uhakiki tosha. Tulikuwa tumetoa mji, na bibi hakwenda kokote.

Kazi ya hadhira

Kwa mtazamo wangu pande zote mbili zinauliza swali lisilo lenyewe. Zinapima ugumu, ilhali inafaa tupime kazi. Hebu tutazame riwaya zetu. Katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960) ya Muhammed Said Abdulla, Bwana Msa anaona tusiyoyaona, na sisi tunabaki nyuma pamoja na Najum. Hakuna anayetuzuia kufungua ukurasa unaofuata. Fumbo lipo, mlango uko wazi, na bado msomaji anafanya kazi, kwa sababu dalili amewekewa mbele yake na anajua kuwa angeweza kuzing'amua. Urahisi wa kupita haukuiondolea riwaya fumbo lake.

Kwa hiyo kisa kilichorahisishwa kinaweza kumridhisha mpenzi wa mafumbo, endapo kazi iliyoondolewa imelipwa kwa kazi nyingine. Loom ililipa kwa sikio na kumbukumbu. The Walking Dead ililipa nusu: uamuzi ulitugombanisha kwelikweli, na hilo si dogo, lakini kisa kilirudi kwenye njia yake kana kwamba hatukusema kitu. Kisichokubalika ni kumwita mtu "Kitendawili!", akaitika "Tega!", kisha ukampa jibu kabla hajafikiri. Bora ungeanza na "Paukwa" tangu mwanzo, tukajua kuwa ni ngano, tukakaa kwa ngano.

Wapo watakaonipinga kwa kusema kwamba mji wa vitendawili ni maneno tu, hakuna anayepoteza Wete. Ni kweli. Lakini waulize watoto waliowahi kunyang'anywa miji mitano kwa usiku mmoja kama hawakuumia. Return to Monkey Island ya mwaka 2022, iliyomrudisha Gilbert mwenyewe, imeweka kitabu cha vidokezo ndani ya mchezo. Mchezaji anakifungua apendapo, bila ya kulipa alama wala senti. Ni ukarimu mkubwa. Ila bibi asingekubali. Angetaka japo Kengeja.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kuwa historia ya michezo hii, kutoka wino usioonekana hadi jiwe la haja na kitabu cha vidokezo, ni historia ya kutafuta namna ya kumpitisha aliyeshindwa bila ya kumdharau. Tanzu zetu zililijua jambo hilo zamani. Nawaomba wenzangu, pamoja na walimu wetu, tusiiache michezo hii mikononi mwa watu wa kompyuta peke yao. Siku kijana wa Chake Chake au Micheweni atakapotunga mchezo wa kisa kwa Kiswahili, wadogo zangu hawatahitaji mfasiri, na muda wa kujibu utawatosha. Wakishindwa, waambiwe kwa lugha yao watoe mji. Na mji huo uchukuliwe kweli.