Pokémon GO: Jinsi ya kupanga timu ya ushindi hata ukiwa Misigiri

Mchezaji wa Pokémon GO aliyeko Misigiri hana sababu ya kumuogopa wa Dar es Salaam au Nairobi, ilimradi wakutane kwenye Great League. Ligi hiyo ina kikomo: hakuna Pokémon anayeruhusiwa kuingia akiwa na zaidi ya CP 1,500. Mwenye dude la CP 4,000 analiacha nje kama wengine.

Hapo ushindi hauamuliwi na nani ana mnyama mkubwa. Unaamuliwa na nani amepanga watatu wanaolindana.

Kwa mtu wa mji mdogo hili lina uzito wake. Misigiri ni njia panda ya kwenda Kiomboi, wilayani Iramba, kwenye barabara kuu ya Singida–Nzega. Ramani ya gemu hii hujaa vituo kwenye miji mikubwa, huku miji midogo ikibaki na vichache. Vitu vya kukusanya ni vichache, bando nalo lina bei. Ukikosea kupanga timu, umechoma wiki kadhaa za jasho, na gemu hairudishi kilichotumika.

Gemu yenyewe kwa kifupi

Pokémon ilianza Japani Februari 1996 kwenye Game Boy. Pokémon GO, ya kwenye simu, ilitoka Julai 2016. Ilitengenezwa na Niantic, kampuni ya Marekani ambayo mwaka 2025 iliuza biashara yake ya gemu kwa Scopely.

Mchezaji anatembea, anakamata viumbe, kisha anaweza kuwapambanisha na vya mwenzake. Mapambano ya mtandaoni, yaani GO Battle League, yalianza mwaka 2020. Hayahitaji kuwa karibu na kituo chochote. Ukiwa na mtandao unacheza popote, iwe sokoni au nyumbani.

Kila mchezaji anaingia na Pokémon 3 na ngao 2. Seti moja ina mapambano 5, na kwa siku ya kawaida zinaruhusiwa seti 5.

Ligi kuu ni tatu:

• Great League: mwisho CP 1,500
• Ultra League: mwisho CP 2,500
• Master League: haina kikomo

Anayeanza akae Great League. Master League inadai viumbe adimu na matumizi makubwa, wakati Great League inachezeka na viumbe vya kawaida.

Aina ndiyo mzizi wa yote

Kila Pokémon ana aina moja au mbili kati ya 18: maji, moto, majani, umeme, ardhi, mwamba, kuruka na nyinginezo. Maji yanazima moto, moto unachoma majani, majani yanakunywa maji. Ndani ya Pokémon GO hesabu yake iko hivi. Chukua shambulio ambalo kwa kawaida lingetoa damu 50:

• Likimpata adui kwenye udhaifu wake (mara 1.6), linatoa karibu 80.
• Akiwa dhaifu kwa aina zake zote mbili (mara 2.56), linatoa karibu 128.
• Akilihimili (mara 0.625), linatoa karibu 31.
• Akilihimili mara mbili (mara 0.39), linatoa karibu 20.

Angalia tofauti ya 128 na 20. Shambulio ni lile lile, aliyebadilika ni anayepigwa. Ndiyo maana kukaa na Pokémon sahihi mbele ya adui kuna faida kuliko kumuongezea nguvu.

Kuna nyongeza nyingine: Pokémon akitumia shambulio la aina yake mwenyewe, linapanda mara 1.2. Kiumbe wa maji akirusha maji anaumiza zaidi kuliko akirusha barafu.

Mfano wa timu ya kuanzia

Chukua watatu hawa: Quagsire, Talonflame na Venusaur.

Quagsire ni wa maji na ardhi. Anapatikana kwa kumgeuza Wooper wa bluu kwa pipi 50 (wa kahawia anageuka Clodsire, usichanganye). Udhaifu wake ni mmoja tu, majani, lakini akipigwa nayo anaumia mara 2.56.

Talonflame ni wa moto na kuruka, anatokana na Fletchling. Majani ambayo Quagsire anayaogopa, yeye anayahimili mara mbili. Anachoogopa yeye ni maji, umeme, na zaidi ya vyote mwamba.

Venusaur ni wa majani na sumu, anatokana na Bulbasaur. Anayahimili maji na kuyapiga kwa nguvu. Anaogopa moto, barafu, kuruka na akili.

Sasa ona wanavyoshikana. Adui akileta majani, anaingia Talonflame. Akileta umeme au mwamba kumuwinda Talonflame, anaingia Quagsire, maana anavihimili vyote viwili. Akileta maji, anaingia Venusaur. Akileta moto kumchoma Venusaur, Quagsire anarudi.

Hiyo ndiyo timu: kila mmoja akielemewa, yupo wa kumpokea mzigo.

Tafuta shimo kabla adui hajalitafuta

Hakuna timu isiyo na shimo, na ya hawa watatu ipo. Inaitwa Altaria.

Altaria ni wa joka na kuruka. Anahimili maji na moto. Majani anayahimili mara mbili, na mashambulizi ya ardhi nayo yanampata kwa mara 0.39 tu. Kwa maneno mengine, karibu kila silaha ya timu hii inamgusa juu juu, halafu mashambulizi yake ya kuruka yanamuumiza Venusaur vibaya.

Wengi wakipigwa namna hii wanavunja timu nzima na kuanza upya. Si lazima. Quagsire anaweza kubeba Stone Edge, shambulio la mwamba, na mwamba unampiga Altaria kwa mara 1.6. Kinachohitajika ni kumfungulia Quagsire shambulio la pili la nguvu.

Kufungua shambulio la pili kunagharimu Stardust, yaani vumbi la nyota, kati ya 10,000 na 100,000 kutegemea kiumbe, pamoja na pipi kati ya 25 na 100. Bei inaonekana kwenye ukurasa wa kiumbe, kwa hiyo iangalie kabla ya kujifunga naye.

Kipimo rahisi kwa timu yoyote: andika udhaifu wa kila mmoja kwenye karatasi. Udhaifu mmoja ukijirudia kwa wawili, awepo wa tatu anayeuhimili. Ukijirudia kwa wote watatu, hiyo si timu.

Nani aanze, nani amalize

Kwenye GO Battle League mchezaji haoni timu ya mwenzake kabla. Ndiyo maana mpangilio una maana yake.

• Wa kwanza: anayefungua. Awe anaweza kusimama na wengi, na akielemewa ajulikane wa kumpokea.
• Wa pili: wa kubadilia. Huyu anaingia mambo yakiharibika. Awe na udhaifu mchache. Quagsire anafaa hapa.
• Wa tatu: wa kumalizia. Anaachwa mwisho, ngao za adui zikiwa zimeisha, apige bila kuzuiwa.

Kubadili kuna muda wa kusubiri. Ukishabadili, hubadili tena papo hapo. Anayebadili kwa hofu anajikuta amekwama na kiumbe asiyefaa, na pambano linaishia hapo.

Vumbi la nyota: usilichome hovyo

Kukamata Pokémon wa hatua ya kwanza kunaleta vumbi 100, wa hatua ya pili 300, wa hatua ya tatu 500. Kwa anayekamata wachache kwa siku, 50,000 si mchezo. Mambo manne yanaokoa vumbi.

Moja, usizidishe 1,500. CP ikishapanda haishuki. Pokémon wa 1,501 ameshatoka Great League moja kwa moja. Na kumbuka kumgeuza kiumbe kunapandisha CP, hivyo piga hesabu kabla ya kubonyeza.

Mbili, angalia gharama ya kufika 1,500. Azumarill ni mzuri sana, ila lazima apandishwe karibu na levo 40 ndipo akikaribie kikomo. Medicham anadai hata zaidi ya hapo, pamoja na pipi za XL. Quagsire anafika mapema zaidi. Kwa mwenye vumbi la kuhesabu, hao wawili wasubiri.

Tatu, usitupe wenye nyota chache. Kila Pokémon ana alama tatu zilizojificha, kila moja kuanzia 0 hadi 15: shambulio, ulinzi na damu. Unaziona ukibonyeza Appraise. Kwenye ligi yenye kikomo, shambulio kubwa linajaza CP haraka. Mwenye shambulio 0, ulinzi 15 na damu 15 mara nyingi anadumu zaidi kuliko yule wa 15 zote. Wengi wanamfuta bila kujua wanachofuta.

Nne, usikimbilie kumgeuza. Baadhi ya mashambulizi bora hupatikana siku maalum iitwayo Community Day. Mfano ni Frenzy Plant ya Venusaur na Incinerate ya Talonflame. Siku hiyo kwa kawaida huanza saa 8 mchana hadi saa 11 jioni kwa saa za hapo ulipo. Asiyegeuza ndani ya muda unaotangazwa atahitaji Elite TM, na hizo ni adimu.

Mtandao, ngao na kuhesabu

Pambano linakwenda kwa zamu za nusu sekunde. Mtandao ukikata kidogo tu, zamu kadhaa zimepita. Kabla ya kuingia, tafuta sehemu laini inashika vizuri, funga programu nyingine, hakikisha chaji ipo. Kucheza ndani ya basi linaloshuka mlima Sekenke ni kutafuta kupoteza pointi.

Mashambulizi ya haraka ndiyo yanayochaji yale ya nguvu. Anayehesabu, kama anavyohesabu kete za drafti, anajua adui atarusha lini. Shambulio lile lile la haraka linadai idadi ile ile ya mapigo, hivyo baada ya mapambano machache masikio na macho yanazoea.

Ngao zisiishe mapema. Adui mjanja anarusha kwanza shambulio dogo ili ngao itoke, kisha analeta kubwa. Kama Pokémon wako anaweza kulibeba pigo na kubaki hai, acha limpate.

Mazoezi yapo ya bure: viongozi wa timu ndani ya gemu, Blanche, Candela na Spark, wanapambana na yeyote bila kuathiri pointi. Marafiki wawili wakiwa pamoja kijiweni wanaskani msimbo wa QR na kupimana nguvu.

Kuongeza vituo kwenu, bila kudanganya GPS

Vituo havipo? Mchezaji aliyefika levo za juu anaweza kupendekeza sehemu iwe kituo: uwanja wa mpira, soko, jengo la ibada au sanamu. Shule za msingi na sekondari na makazi ya watu havikubaliwi. Pendekezo linahitaji picha safi, maelezo ya kweli na alama sahihi ya mahali.

Njia ya mkato ya kudanganya GPS ili uonekane uko Tokyo inaweza kufungiwa akaunti moja kwa moja, pamoja na timu yote uliyoijenga. Na kwenye barabara ya malori, simu iingie mfukoni kabla ya kuvuka.

Mbele kuna nini

GO Battle League inapandisha ngazi 1 hadi 20, kisha Ace, Veteran, Expert na Legend. Legend inaanzia pointi 3,000.

Kwenye mashindano rasmi mchezaji anasajili Pokémon 6, anaona 6 za mwenzake, kisha anachagua 3 kwa kila pambano. Pokémon GO iliingia kwa mara ya kwanza kwenye Mashindano ya Dunia ya Pokémon mwaka 2022, London, na CP ilikuwa ile ile ya 1,500.

Kwenye gemu mama, ambako wanapambana wawili kwa wawili, mfano unaotajwa hadi leo ni wa mwaka 2014, Washington. Se Jun Park wa Korea Kusini alitwaa ubingwa wa dunia akiwa na Pachirisu, kijikindi cha umeme ambacho karibu kila mtu alikidharau. Kazi yake ilikuwa kuvuta mashambulizi yaje kwake ili wenzake wapige. Ukubwa wa pua si wingi wa makamasi.

Kwa anayeanza leo, mpangilio uwe huu:

1. Kamata na hifadhi Wooper, Fletchling na Bulbasaur, ukichagua wenye shambulio dogo na ulinzi mkubwa.
2. Subiri siku maalum kwa wanaohitaji mashambulizi maalum.
3. Wapandishe hadi karibu na 1,500, bila kuvuka.
4. Fungua shambulio la pili kwa Quagsire kwanza.
5. Cheza seti kadhaa na andika nani anakupiga mara kwa mara. Huyo ndiye atakayekuonyesha nani wa kubadilisha.