Siku ya Padre Kilema

Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Kilema, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mwaka 1890. Siku ya padre ilianza kabla ya mapambazuko: sala, kisha misa kwa Kilatini, yeye ameelekea altare, waumini nyuma yake.

Kazi hasa ilikuwa siku ya kwenda kigangoni, yaani kwenye kituo cha sala cha kijiji kilicho mbali na misheni. Sheria ya Kanisa ilimkataza kula na kunywa tangu saa sita usiku hadi amalize misa. Hata maji hayakuruhusiwa mpaka mwaka 1953. Basi alivuka makorongo kwa miguu, akaungamisha watu mmoja mmoja, ndipo akaanza misa, tumbo tupu. Chai ilisubiri.

Picha za zamani humweka padre katikati. Lakini aliyebaki kijijini akifundisha wakatekumeni, yaani waliojiandaa kubatizwa, akiongoza sala za Jumapili na kujua nani kagombana na nani, alikuwa katekista.

Mchana padre alisafisha vidonda, alisimamia ujenzi, alikagua shamba. Mibuni iliyopandwa na misheni ya Kilema ni miongoni mwa ya kwanza kabisa Uchagani. Baadaye kahawa ikasomesha watoto wa mlima mzima.