Regina Mundi: Kanisa lililoomba haki kwa wimbo na rangi

Ukiingia kanisa Katoliki la Regina Mundi, mtaa wa Rockville, Soweto, tazama juu: dari bado ina matundu ya risasi. Altare ya marumaru imemeguka kona, na sanamu ya Yesu imekatika mikono. Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto waliandamana kupinga kulazimishwa kusoma kwa lugha ya Kiafrikana. Polisi walipowafyatulia risasi, baadhi yao walikimbilia humo, na askari wakawafuata hadi ndani. Parokia haikuziba matundu yale, na ilifanya vyema.

Miaka iliyofuata, utawala wa makaburu ulipozidi kupiga marufuku mikutano ya hadhara, misa za mazishi zikageuka kuwa ndiyo mikutano. Jeneza liko mbele ya altare, kwaya inaanza taratibu kwa maombolezo, na kabla ya baraka ya mwisho kanisa zima linaimba ukombozi. Wapo waliolalamika kwamba siasa imeingizwa madhabahuni. Sikubaliani nao hata kidogo. Mama anayemzika mwanawe aliyepigwa risasi akiwa amevaa sare ya shule, aombe nini kama si haki?

Wimbo mkuu wa waombolezaji hao tunaujua sote. Nkosi Sikelel' iAfrika ulitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu na kiongozi wa kwaya wa Kimethodisti karibu na Johannesburg. Mwaka 1912 uliimbwa kwenye mkutano ulioanzisha chama kilichokuja kuitwa ANC. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 ilichagua tuni hiyo hiyo, ndiyo Mungu Ibariki Afrika. Waislamu na Wakristo tunasimama wima kuuimba, na ni wachache wanaokumbuka kwamba ulianza kama sala ya kanisani.

Ndani ya Regina Mundi umo pia mchoro wa Bikira Maria mweusi akiwa na Mtoto mweusi, kazi ya mwaka 1973 ya Larry Scully, mchoraji mzungu wa huko huko Afrika Kusini. Chini yao kuna jicho kubwa, na mboni ya jicho hilo ni Soweto yenyewe. Sheria za nchi zilikuwa zikimhesabu mtu mweusi kuwa duni. Mchoro ukamweka Mama wa Mungu katika ngozi hiyo hiyo, mbele ya waumini, kila Jumapili. Mahubiri machache yamewahi kusema zaidi ya hapo.

Miaka ya 1990 Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Askofu Mkuu Desmond Tutu ilisikiliza waathirika humo humo, na mwaka 1997 Rais Nelson Mandela akaitangaza 30 Novemba kuwa Siku ya Regina Mundi.

Kwa mfano huo wa Regina Mundi, nawaomba walimu wa kwaya wa huku kwetu, mnaotunga kila mwaka nyimbo za jubilei na za kuwapokea wageni rasmi: mjane aliyedhulumiwa shamba lake naye mtungieni wimbo, uimbwe kwenye misa.