Njia za Santiago na Waliozichagua

Kaburi ambalo Wakatoliki huliamini kuwa la Mtume Yakobo lilipotangazwa kupatikana huko Galicia, kaskazini-magharibi mwa Hispania, mahali palipokuja kuitwa Santiago, katika karne ya 9, mfalme Alfonso II wa Asturias alikwenda kulizuru akitokea Oviedo, na njia inayohusishwa na safari hiyo, Camino Primitivo, yaani Njia ya Awali, ndiyo inayohesabiwa kuwa ya kwanza. Kilomita zake 320 hivi hupanda na kushuka milima, lakini mahujaji wa wakati huo hawakuwa na hiari kubwa, kwa kuwa nyanda za kusini zilikuwa uwanja wa vita baina ya falme za Kikristo na watawala Waislamu wa Córdoba.

Mpaka uliposogea kusini, wafalme wa karne ya 11 waliivutia hija nyandani kwa kujenga madaraja na nyumba za kuwapokea wasafiri, huku Domingo de la Calzada, mkaapweke aliyefariki mwaka 1109, akitengeneza barabara na daraja la mto Oja. Ndivyo ilivyoimarika Njia ya Kifaransa, ambayo kutoka Saint-Jean-Pied-de-Port ina kilomita zipatazo 780. Codex Calixtinus, mkusanyo wa maandishi wa karne ya 12 wenye mwongozo wa mahujaji, unataja barabara nne za Ufaransa zinazokutana Puente la Reina; hata hivyo, mwandishi wa mwongozo huo huwasifu watu wa Poitou na kuwatukana Wanavarra bila haya, hivyo ushauri wake hauna budi kupokewa kwa tahadhari.

Hija ilipofifia kisha ikafufuka katika karne ya 20, Njia ya Kifaransa ilipata tena upendeleo, safari hii kwa mkono wa padri Elías Valiña wa O Cebreiro, aliyeichorea mishale ya manjano katika miaka ya 1980. Siku hizi kanuni nayo huchagua: Compostela, hati ya kuthibitisha hija, humtaka msafiri atembee angalau kilomita 100, ndiyo maana wengi huanzia Sarria, iliyo mbele kidogo ya kiwango hicho. Kwenye Njia ya Kiingereza, iliyowahudumia mahujaji waliofika kwa meli, wengi huanzia Ferrol, umbali wa kilomita 120 hivi, badala ya bandari ya A Coruña, ambayo kwa kilomita zake 75 haifikii kiwango.