Madai Yasiyokanushika

Madai yasiyokanushika ni kauli au nadharia ambayo, kwa jinsi ilivyotungwa, hapana tukio la kushuhudiwa liwezalo kuibatilisha, kwa kuwa kila litukialo, liwe hili au kinyume chake, hupata tafsiri ndani yake. Si lazima madai hayo yawe ya uwongo. Ila hayakatazi kitu.

Asili
Fikra hii imefungamana na jina la Karl Popper (1902–1994), failasufi mashuhuri mzaliwa wa Vienna, ambaye katika kitabu chake Logik der Forschung, kilichochapwa mwaka 1934, aliufanya uwezekano wa kukanushwa kuwa mpaka baina ya sayansi na isiyokuwa sayansi. Popper, aliyepata kufanya kazi kwa tabibu wa nafsi Alfred Adler, aliona kwamba mtu amtosaye mtoto majini na yule ajitosaye kumwokoa wangeweza kuelezwa wote wawili na nadharia ya Adler kwa sababu moja, yaani unyonge wa nafsi: huyu apate kujithibitishia ujasiri wa jinai, na yule ujasiri wa kuokoa. Kinyume chake, Einstein alikuwa amebashiri kwamba nuru ya nyota ipitapo kando ya jua hupinda kwa sekunde 1.75 za tao, takriban maradufu ya hesabu ya kanuni za Newton, na jua lilipopatwa tarehe 29 Mei 1919 mwanafalaki Arthur Eddington alikuwa kisiwani Príncipe na vyombo vyake ili kupima kupinda huko. Lau vipimo vingalitoka vingine, nadharia ya Einstein ingalikuwa mashakani.

Mfano wa Gosse
Mwaka 1857 Mwingereza Philip Henry Gosse, bingwa wa viumbe wa baharini, alitoa kitabu Omphalos, akidai kwamba dunia iliumbwa ikiwa tayari na alama za ukale, visukuku miambani vikiwemo. Hapana jiwe ambalo lingeweza kumkadhibisha, na hakupata wafuasi wengi.

Pingamizi
Mwanafizikia Pierre Duhem alikwisha kubainisha kwamba nadharia haijaribiwi peke yake. Sayari Uranus ilipokwenda mrama, wanafalaki hawakuitupa kanuni ya Newton, bali walikisia sayari isiyoonekana, na Neptune ikapatikana mwaka 1846; hila hiyo hiyo, iliyotumiwa na mwanafalaki Le Verrier kwa sayari Mercury mwaka 1859, ilizaa sayari Vulcan, ambayo haikupata kuwako.

Matumizi
Mwaka 1982 Jaji William Overton wa Marekani, alipoibatilisha sheria ya Arkansas kuhusu mafundisho ya uumbaji shuleni, alitaja kukanushika miongoni mwa sifa za sayansi.