Ungo, chenga na king'amuzi: Historia ya setilaiti katika maneno yetu

Mwezi uliopita nilikwenda nyumbani Voi kwa likizo, nikaukuta ungo wangu wa setilaiti umegeuzwa mahali pa kuku kulala. Ungali umesimama juu ya nguzo yake ya chuma nyuma ya nyumba, wavu umeshika kutu pembeni na kufunikwa na lile vumbi jekundu ambalo kila mwenyeji wa Voi analijua. Niliusimika mwaka wa 1996. Miaka michache baadaye niliuacha, kazi ya chuo ilipozidi na idhaa nilizokuwa nikizinasa zilipoanza kufungwa moja baada ya nyingine.

"Mjomba, hii dishi si uuzie watu wa chuma chakavu tu?" mpwa wangu aliniuliza. "Siku hizi watu wanatazama na simu."

Nilimwambia tuipanguse kwanza. Msomaji atagundua kwamba yeye alisema dishi nami nasema ungo. Tofauti hiyo ndiyo iliyonirudisha kwenye uraibu nilioutupa zaidi ya miaka 20 iliyopita, na ndiyo mada ya makala haya.

Tuanze na historia, kwa kuwa watu wengi hudhani kwamba setilaiti ni jambo la kigeni lililotufikia juzi. Mwaka wa 1970 kituo cha Longonot katika Bonde la Ufa kilianza kuunganisha Kenya na ulimwengu kupitia setilaiti iliyokuwa juu ya Bahari ya Hindi. Tarehe 12 Desemba mwaka uo huo, kutoka jukwaa la San Marco lililosimamishwa baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miali ya eksirei itokayo kwenye nyota. Kwa kuwa Kenya ilikuwa ikiadhimisha siku yake ya kujitawala, chombo hicho kilipewa jina la Kiswahili: Uhuru.

Kisa cha tatu hakisimuliwi sana kwetu. Mwaka wa 1975 setilaiti iitwayo ATS-6 ilisogezwa hadi longitudo 35 mashariki, juu ya ikweta. Mstari huo wa longitudo unapita karibu na Kisumu. Kutoka huko juu, umbali wa kilomita 36,000 hivi, ilirusha vipindi vya runinga kwa vijiji 2,400 vya India kwa mwaka mzima: kilimo, afya, uzazi wa mpango, masomo ya watoto. Chombo kilikuwa juu yetu, ila uso wake ulielekezwa India.

Basi kulikuwa na mtu mmoja Sheffield, Uingereza, Stephen Birkill, mhandisi wa BBC. Matangazo hayo hayakukusudiwa kumfikia. Alijitengenezea antena nyumbani, akaielekeza chini kusini-mashariki, na kabla mwaka wa 1975 haujaisha akaziona picha za vijiji vya India kwenye kioo chake. Wapenzi wa uraibu huu humhesabu miongoni mwa waasisi wao. Hivyo, mtu akiuliza uraibu wa kunasa runinga ya setilaiti ulizaliwa wapi, jibu la haki ni kwamba mikono ilikuwa Sheffield na chombo kilikuwa angani kwetu.

Sisi tulichelewa. Hadi stesheni ya KTN ilipoanzishwa mwaka wa 1990, Mkenya alikuwa na idhaa moja tu ya runinga, ile ya taifa. Nyungo kubwa za setilaiti zilipoanza kuonekana kwenye hoteli na nyumba za wenye nacho, mimi nilikuwa mhadhiri kijana mwenye mshahara mdogo na udadisi mkubwa. Niliupata wa kwangu kwa mtu aliyekuwa akihama. Ulifika Voi vipande vipande, nikauunga uani huku Mama akinitazama. Yeye alikuwa ameketi kwenye mkeka akipepeta pojo.

"Huo ungo wako mkubwa ni wa kupepeta nini?" aliniuliza.

Nilicheka. Nikamwambia, "Mama, hii ni antena ya setilaiti."

Akautazama tena ule wavu. "Tena una matundu. Wenye matundu si ungo, ni chekeche. Hicho unachokitafuta hakitapita kikaanguka?"

Nilicheka zaidi, na sikumjibu. Nilikuwa na shahada ya uzamili ya isimu ya Kiswahili, na niliamini kwamba neno la kitaalamu hutoka kwenye kamati.

Baadaye nilikwenda Dar es Salaam kwa kongamano, nikasikia watu wazima wakisema "ungo wa setilaiti" bila kucheka. Lilikuwa neno la kawaida. Mama hakuwahi kufika huko. Wao na yeye walikuwa wamekitazama kitu kimoja, kila mmoja kwake, wakafikia jina lile lile.

Tulichunguze jina hilo. Mwingereza alipokiona kifaa hiki naye alikimbilia jikoni, akachukua sahani. Kenya tumemfuata kwa kutohoa dishi, na katika Sheng neno hilo limekwisha kuwa chakula chenyewe. Lakini sahani hutaja umbo tu. Ungo hutaja umbo na kazi pia. Mawimbi yanayofika Voi kutoka angani ni dhaifu mno, nayo yamechanganyika na vurugu ya kila namna itokayo ardhini, angani na ndani ya mitambo yenyewe. Kazi ya kifaa ni kukusanya kingi na kubakiza kinachofaa, na huko ndiko kupepeta. Aidha, Mswahili alikuwa tayari na ungo wa angani: katika masimulizi ya pwani, wachawi husafiri usiku kwa ungo. Sitiari ilikuwa na mabawa kabla ya setilaiti.

Kisha kuna chenga. Zamani mawimbi yakiwa hafifu, kioo kilijaa vidoadoa vyeupe vinavyochezacheza. Watu wakasema, "TV inaonyesha chenga." Chenga ni zile punje zilizovunjika za mchele au nafaka nyingine. Ni wapi chenga hutenganishwa na mchele mzima? Kwenye ungo. Sijui kama aliyesema chenga kwa mara ya kwanza alikuwa akifikiria ungo, lakini maneno haya mawili yamekaa pamoja kama mke na mume. Huo ni mfumo mzima wa istilahi uliojengwa na watu ambao hawakualikwa kwenye warsha yoyote.

Neno la tatu lina hadithi tofauti. King'amuzi linatokana na kitenzi ng'amua, yaani kutambua jambo lililokuwa limefichika. Kitenzi hicho kinadai kuwepo kwa siri. Katika miaka ya mwanzo hapakuwa na haja kubwa ya kung'amua. Idhaa nyingi zilikuwa wazi, na mwenye ungo, subira na jirani wa kupiga kelele "hapo hapo, usiguse!" alipata picha. Utangazaji ulipokuwa biashara ya kulipiwa kila mwezi, picha zilifungwa kwa msimbo, na sanduku la kuufungua likahitaji jina. Wataalamu wengine wakapendekeza kisimbuzi, neno lililo sahihi zaidi. Lakini king'amuzi lilikuwa limekwisha kuingia vinywani, na uhamaji kutoka analojia hadi dijitali ukalieneza. Dar es Salaam ilizima mitambo ya analojia mwishoni mwa mwaka wa 2012. Kenya ilikamilisha mwaka wa 2015, baada ya mvutano uliowaacha watazamaji bila stesheni kadhaa kubwa kwa karibu wiki tatu.

Kwa hiyo maneno haya yanatunza historia ambayo wanahistoria hawajaiandika: kutoka enzi ya kupepeta kilicho wazi hadi enzi ya kufunguliwa kilichofungwa. Nasi watazamaji, tuliokuwa tukinasa, tukawa wateja.

Turudi uani. Nilimwita fundi mmoja wa mjini, kijana aliyesomea kazi yake juu ya mapaa. Aliuzunguka ungo mara mbili. "Prof, hii dishi bado iko poa. Ni LNB imekufa," alisema, akimaanisha kile kipokezi kidogo kinachosimama mbele ya wavu. Tuliweka kipya, tukaunga kisanduku cha idhaa zisizolipiwa, tukaanza kutafuta. Hapa Voi, digrii tatu na nusu hivi kusini mwa ikweta, setilaiti iliyo longitudo 36 mashariki iko karibu utosini. Kwa hiyo ungo unaoielekea hulala kama unaosubiri nafaka kumiminwa. Na kosa la digrii moja tu hapa chini ni zaidi ya kilomita 600 kule juu. Tulisogeza upana wa kidole, tukasubiri, tukasogeza tena. Jua la Voi halina huruma kwa mzee mwenye upara.

Kama saa kumi hivi picha ikatokea ghafla, safi kabisa: idhaa ya Kiarabu, na pembeni mwa kioo neno mubashir, lenye asili moja na mubashara yetu. Mpwa wangu alipiga makofi. Mimi nilikuwa nangoja chenga zianze kwanza, kama zamani, zipungue polepole hadi sura ya mtu ijitokeze. Hazikuja. Dijitali haina chenga: mawimbi yakitosha unapata picha nzima, yakipungua picha inakwama na kukatika vipande, kisha giza. Nilimuuliza mpwa wangu kama anajua maana ya TV kuonyesha chenga. Hakuwa amewahi kulisikia. Ana umri wa miaka 17.

Hilo ndilo linalonisumbua. Tunawafunza wanafunzi wetu vigezo vya kuunda istilahi, nasi huchapisha orodha ambazo hakuna fundi azisomaye. Wakati huohuo istilahi zilizoundwa uani na juu ya mapaa zinaondoka pamoja na vifaa vyake, bila kurekodiwa. Runinga ya intaneti haihitaji ungo. Miaka kumi ijayo huenda mafundi hawa nao wawe wamehamia kazi nyingine na maneno yao. Idara za Kiswahili, ikiwemo yangu, zina wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada kila mwaka. Watumeni kwa mafundi wa Voi, Mwatate na Taveta wakiwa na daftari, nao waandike kabla ya kusahihisha.

Nami nina deni. Mama alitangulia mbele ya haki kabla sijamjibu swali lake. Mawimbi ya bendi ile niliyokuwa nikiinasa yana urefu wa sentimita saba na nusu hivi, na matundu ya wavu ni ya milimita chache tu. Kwa wimbi refu namna hiyo, wavu ule ni sawa na bati zima. Hakianguki kitu, Mama. Ulikuwa ungo.